Vishanga Vimegeuka Vyeupe, Anagombezwa Mwenzangu

Mpendwa Bibi Lamduan, naomba unisaidie maana hata usingizi siupati. Niko maabara hapa mjini Khon Kaen, tunatengeneza protini ya kupimia homa ya dengi, na dada Orathai ndiye aliyeipachika kijimkia ili ikipitishwa kwenye vishanga vya buluu vya nikeli inase na uchafu upite, sasa siku ya kuisafisha nikatia dawa ya kuzuia isiharibike, sikusoma kopo, kumbe dawa ile inanyofoa nikeli, vishanga vikawa vyeupe kama sago na protini yote ikapita na maji, nikavitupa vishanga, nikaficha maji kwenye friji, na Profesa Wichai alipoona hakuna kilichonasa akasema mkia wa Orathai ni mbovu, Jumatatu anamtoa kwenye kazi hii, na mimi nilikuwepo nikitazama viatu vyangu. Bibi, maji yale nimeyapima kwa siri kwa kingamwili inayotambua mkia, ikang'aa, mkia upo. Yakiondolewa dawa na kupitishwa kwenye vishanga vipya, protini itanasa, lakini nitasema yametoka wapi? Nimepeleka sadaka ya soda nyekundu yenye mirija miwili kwenye kibanda cha mizimu nje ya jengo, hakuna kilichobadilika. Nikisema nitafukuzwa.
Nisiyelala

Wewe Nisiyelala,
Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikadhani unauza shanga. Shule niliacha darasa la nne, ila mtu anayemtupia mwenzake lawama zake namjua hata akivaa koti jeupe.

Pole kwa hofu. Kutosoma kopo ni uzembe, unasameheka. Lakini kutupa vishanga, kuficha maji na kunyamaza, hapo mkono haukuteleza. Halafu unakwenda kuhonga mizimu kwa soda! Ikufanyie nini, na jibu umelifungia mwenyewe kwenye friji?

Kunja gazeti hili. Mfuate Orathai kwanza, siyo profesa. Mwambie, "Dada, mkia wako ni mzima, aliyeharibu ni mimi." Usianze na habari za usingizi wako. Kisha nendeni wote kwa profesa na maji yale, urudie maneno hayo mbele ya kila aliyemsikia akigombezwa. Ukifukuzwa, protini itakuwa imepatikana. Usipofukuzwa, utaosha chupa za maabara bila kununa.

Na Orathai akikutukana, usilie ukamlazimisha akubembeleze. Simama umsikilize mpaka achoke. Mimi nimeshachoka, na hata sura yako siijui.