Meza ya Mjozi na Msasa Wenye Kipara

Gerbergasse 14,
Münsingen, Ujerumani.
12 Mei 2019

Mpendwa Shangazi Irmgard,

Pokea salamu zangu na busu kwenye kila shavu. Goti lako la kushoto linasemaje sasa baridi inapoanza huko Valdivia? Ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi. Natumaini umemtii, ingawa nakujua. Na yule paka mzee, bado analala juu ya piano? Sisi huku ni wazima, tunakula na tunalala, ila hasira imenijaa mpaka kooni na nikikuficha wewe nitamwambia nani.

Nianze na lililo tamu. Leo ni siku ya hamsini tangu niolewe. Ndiyo, nahesabu, na usinicheke. Asubuhi kabla sijaamka Ansgar anaweka viatu vyangu karibu na jiko ili nivivae vikiwa na joto. Akikohoa chumba cha pili moyo wangu unaruka. Kazini kwake posta wenzake wanamtania kwamba siku hizi anapiga mihuri huku anaimba. Shangazi, sikujua mtu anaweza kupendwa hivi siku za kawaida tu, Jumanne, huku unamenya viazi.

Sasa yaliyo machungu. Tunaishi orofa ya juu ya nyumba ya baba yake, na baba yake unamjua kuliko mimi, maana mlikaa darasa moja. Ni yuleyule Gebhard uliyeniambia alikuwa akiandika kwa kipande cha penseli kifupi kuliko ukucha. Hajabadilika, amezeeka tu.

Katika barua yako uliuliza zawadi yako ya arusi iwe mashine gani ya kupigia msasa, ile ghali ya kudumu maisha yote au ile rahisi. Nilichelewa kukujibu kwa sababu swali hilo limegeuka vita ndani ya nyumba hii. Nikueleze ilivyokuwa, kisha utapata jibu lako.

Unaukumbuka mjozi, ule mti wa kokwa za jozi, ulioupanda nyuma ya nyumba yetu siku niliyozaliwa, wakati baba alikuwa safarini? Upepo uliuangusha miaka mitano iliyopita. Nililia kama mtoto. Baba aliupasua mbao, akazianika ghalani juu ya vijiti, na siku ya arusi alitukabidhi zote saba. Ansgar aliapa kunitengenezea meza, nawe utakapokuja Septemba ule keki ya plamu juu ya mti wako mwenyewe. Mbao ni hizo tu. Zikiharibika hakuna mjozi mwingine wenye umri wangu.

Basi Alhamisi moja ya Aprili nilikwenda kununua siagi katika lile duka la vyakula vya bei nafuu. Unajua mambo yao ya Alhamisi, katikati ya duka wanamwaga kila kitu, soksi, mahema, misumeno. Nikaiona mashine ya msasa, euro ishirini na tisa, ndani ya sanduku la kijani. Nikamnunulia mume wangu. Alifurahi, akanizungusha jikoni hadi nikapiga kichwa kwenye kabati.

Baba mkwe alitukuta ngazini. Alilitazama lile sanduku kama mtu aliyeletewa panya.

"Hiyo nini, bibi arusi? Mashine, au ya kusagia pilipili?"

"Ya msasa, Baba."

"Umeipata wapi? Karibu na figili?"

"Karibu na siagi," nikamjibu. Sikuweza kujizuia.

"Haya. Mimi yangu nilinunua mara moja, na nitazikwa nayo. Hiyo yenu mtaizika ninyi, kabla ya Krismasi."

Ni kweli ana mashine ya fahari. Anaiweka chini ya nyumba, katika karakana, ndani ya kabati lenye kufuli, imelala sandukuni kama mtoto mchanga. Ilimgharimu karibu euro mia sita, na mashine yake ya kunyonya vumbi ni gharama nyingine. Ansgar amekua miaka ishirini na saba bila kuruhusiwa kuigusa. Hebu fikiria, mwanawe wa pekee!

Tangu siku hiyo hakukuwa na amani. Sitaki kuwa mwongo, mashine yetu ina aibu zake. Inatetemeka mpaka vidole vya mume wangu vinakufa ganzi, namsugua mimi jioni mpaka vinarudi, nami sichoki. Kifuko chake cha vumbi kinavuja. Wiki yangu ya kufagia ngazi nilifagia mara mbili kwa siku, na kila nikimaliza baba mkwe alipitisha kidole kwenye mkono wa ngazi, akakiinua juu, akasema, "Siagi." Neno hilo moja tu. Nilitamani kummwagia ndoo nzima.

Hatimaye akatamka kwamba mbao nzuri kama zile haziguswi na takataka ile, na uso wa meza atausugua yeye. Ansgar wangu, ambaye hata nzi anamtoa nje kwa glasi, akaweka chini kikombe chake.

"Meza ni ya mke wangu, Baba."

"Na karakana ni ya nani?"

"Basi tuigawe meza," Ansgar akasema. "Nusu yako, nusu yangu. Rike apake mafuta, tuone."

Wanaume wawili wanagombana, na kinachosuguliwa ni mti wangu! Lakini nilimtazama mume wangu usoni nikakubali.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Wakachora mstari wa penseli katikati ya meza. Baba mkwe akafungua kufuli, akatoa mashine yake, ikaanza kunguruma polepole kama paka wako. Vumbi halikuonekana hata chembe. Yetu ilipiga kelele kama nyigu ndani ya kopo. Ansgar alitapakaa vumbi kichwa hadi viatu, na mara moja karatasi ya msasa ilichomoka ikaruka na kuvunja chupa ya jemu rafuni. Baba mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini nikaona jambo. Kila baada ya dakika chache Ansgar alibandika karatasi mpya. Alianza na namba themanini, ile yenye chembe nene, akaja mia moja na ishirini, kisha mia moja na themanini, hakuruka hata moja. Baba mkwe alichukua zake ukutani. Shangazi, anazitundika kwenye misumari! Akizitumia anazipiga brashi ya viatu, anazitundika tena, na nyuma ya kila moja ameandika mwaka kwa kalamu. Aliyokuwa akitumia siku ile ilikuwa ya mwaka 2011. Ilikuwa na kipara kama kichwa chake. Na kwa kuwa haikukata, aliikandamiza kwa uzito wake wote.

Uso wa meza ulipokuwa bado mkavu hukuweza kuona chochote, nusu zote mbili zilikuwa laini. "Chukua kitambaa, bibi arusi," akaniambia. "Uone tofauti kati ya mashine na siagi."

Nikapaka mafuta ya kitani. Upande wa Ansgar uliamka, Shangazi. Mistari ya mti ilijitokeza, kahawia na zambarau, kama maji yanayotembea. Machozi yakanitoka. Upande wa baba mkwe nao uliamka, lakini ulikuwa umejaa vimviringo, mamia, kila mahali. Mafundi wa huku wanaviita mikia ya nguruwe. Mti wangu ulionekana kama umechezewa na watoto wenye misumari.

Mzee aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mti wenyewe mbaya," akasema. "Umekua kwa haraka."

Mti wako, Shangazi! Uliopanda kwa mikono yako! Nilitoka nje kabla sijatamka neno ambalo lisingerudi mdomoni.

Kesho yake, Jumapili, mimi na Ansgar tulitoka kutembea baada ya chakula cha mchana, mvua ikaturudisha mapema. Getini tukamkuta jirani yetu Bi Zwerenz amesimama bila mwavuli, sikio lake limeelekea dirisha la chini. Unazijua Jumapili za huku, kelele ni marufuku, hata zulia hatulipigi. Na aliyebandika tangazo la ukimya mlangoni ni baba mkwe mwenyewe.

Kutoka chini ilisikika sauti. Mashine yake ni ya upole kweli, pengine tusingeisikia. Lakini ile ya kunyonya vumbi ilikuwa inalia kama ng'ombe.

"Bwana Gebhard!" Bi Zwerenz akapaza sauti dirishani. "Jumapili! Miaka thelathini unanifokea kwa mashine yangu ya kukatia majani!"

Sauti ikakatika. Tukashuka. Alikuwa ameinamia meza yangu, mashine mkononi, msasa wake wa 2011 umeganda mafuta na vumbi kama biskuti iliyolowa.

"Nilikuwa naipasha joto," akasema.

"Ipashe joto Jumatatu, mwizi wa usingizi!" Bi Zwerenz akajibu kutoka juu.

Hapo ndipo nilipompenda mume wangu upya, kama vile siku zote za nyuma zilikuwa mazoezi tu. Mimi ningecheka au ningepiga kelele. Yeye aliichukua mashine taratibu mkononi mwa baba yake, akachomoa ile karatasi, akaitundika kwenye msumari wake. Akasema, "Kesho, Baba."

Jumatatu baada ya kazi baba yake alimfungulia kabati, na Ansgar akashika mashine ya fahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliweka karatasi zetu mpya, akapita upande ule wote bila kukandamiza, namba kwa namba. Nikapaka mafuta. Mikia yote ilikuwa imekwisha. Sasa meza ni moja, hata mimi sijui mstari ulipita wapi.

Na unajua mzee alisema nini? Alipitisha kiganja juu yake, akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Niliwaambia. Mashine nzuri ni mashine nzuri." Kisha akaifungia kabatini.

Siku sita sasa namwekea supu mezani bila kumwuliza kama chumvi imetosha.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Usitununulie mashine ya ghali. Ni nzuri, sibishi, mikono haifi ganzi na ngazi hazichafuki, na mtu anayesugua mbao kutwa ainunue. Mume wangu anasugua Jumamosi tu, na vidole vyake nitavisugua mimi. Yetu inatosha, ikipewa karatasi mpya. Zawadi yako iwe msasa, maboksi mawili, namba zote. La kwanza letu. La pili liandikwe jina la baba mkwe kwa mkono wako, maana lako hataweza kulikataa, bado anakuogopa. Na ndani uandike mwaka wa 2019 nyuma ya kila karatasi, ili ajue mwakani ni za kutupa.

Baba anakusalimu sana, na anasema ghalani pamebaki gogo dogo la mjozi kwa ajili ya fremu ya picha yako. Bi Zwerenz anakusalimu kwa sauti ya juu. Ansgar anakubusu mkono na anauliza upande gani wa meza utapenda kukaa. Baba mkwe hajatuma salamu, nami sikumwomba.

Mungu alitunze goti lako, akuvushe bahari salama, atukalishe sote Septemba kwenye meza moja, hata yeye.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Rike