Taa Iliyowaka Nikikata Kulia

Baba Ndinda,

Sikuulizi hali. Ulipo ninapajua, maana mimi ndiye ninayeng'oa magugu juu yako. Ndinda ameenda shule, nimekaa kwenye meza ya jikoni, na nina neno la kukwambia kuhusu gari lako. Niliapa sitakuwa kama wale wajane wanaoandikia makaburi. Lakini jana nilitoka gereji kwa fundi Mutiso, na niliyoyasikia huko lazima uyasikie.

Kwanza habari za huku. Viatu vyako vya kanisani alivichukua ndugu yako. Vinambana, lakini anavivaa hivyo hivyo. Kile kiti chako ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia nimekitoa sebuleni, kuku wanatagia. Walikuja pia kulitaka gari, wakasema mwanamke ataliua. Nikawaambia walichukue, ila mimi nitakuwa ndani yake na sishuki. Basi likabaki. Nalipakia nyanya na sukuma wiki, nateremka nalo hadi Syokimau, nauza kwa watu wa ofisini, narudi. Naendesha mwenyewe, kwa huu mkono wangu uliousema mzito.

Unaikumbuka ile taa ya manjano ya breki kwenye dashibodi? Utaisahauje. Inawaka, inakaa siku mbili, inazima yenyewe, unaisahau, inawaka tena. Wewe ukiendesha haikuwaka. Mimi nikishika usukani, mara inawaka. Ulicheka mbele ya wageni, ukasema hata gari linamjua mwenyewe. Halafu ukaacha kucheka, ukaweka funguo mfukoni, na hapo ndipo zilipokaa.

Mfukoni ndimo zilimokuwa Jumapili ile mchana, dada yangu Mueni alipopiga simu kutoka Katangi kusema mwaitu, mama yetu, amezidiwa. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako, umemaliza kula. Nilikuomba unipeleke. Ukasema umechoka. Nikakuomba funguo niende mwenyewe. Ukasema, "Breki zimeharibika, taa si unaiona? Unataka kufia njiani uniachie mtoto?" Nilipiga magoti, Baba Ndinda. Mwanamke mzima, kwenye simiti, na kanga imenivuka. Ukaongeza sauti ya televisheni.

Nilienda kwa magari ya abiria, nikishuka hapa nikidandia pale. Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Mueni aliniambia mama alikuwa kila akisikia gari barabarani anauliza kama ni mimi. Kila gari. Kisha akaniuliza gari letu liko wapi, na mimi nikakutetea. Nikasema lina breki mbovu, mume wangu ananihurumia. Mueni alinitazama, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hajanipigia simu. Hata kukuzika hakuja.

Presha ilipokuangusha bafuni nililia, usifikiri sikulia. Nikampa mchungaji ile habari ya taa aitumie kwenye mahubiri, kwa kuwa sikuwa na jambo lingine zuri la kumpa. Akasimama kando ya jeneza lako, akasema huyu alikuwa baba aliyejali usalama wa mkewe. Watu wakaitikia amina. Mama yako aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Sasa taa imekuwa ikiwaka mara kwa mara, nikaona niitafutie mwisho. Na nilikuwa na sababu yangu nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka nijue kama siku ile gari lilikuwa bovu kweli. Hilo tu. Kama lilikuwa bovu, ningekusamehe, nimpelekee Mueni jibu, nilale.

Mutiso alichomeka mashine yake chini ya usukani. Ikasema ni gurudumu la mbele kushoto, ile sensa inayosoma mzunguko wa tairi. Akaifungua, ilikuwa imejaa matope na vumbi la chuma, akaisafisha, akaizima taa. Tukaenda kulijaribu upande wa Konza, barabara imenyooka, hakuna kilichowaka. Akasema, "Mama, hii imeisha." Nikamwambia haijaisha. Nikamweleza kwamba inawaka nikiingiza gari nyumbani, pale kwenye mawe, ambapo lazima ukate usukani wote kulia. Wewe hukuwahi kuikata ile kona. Uliliacha gari nje ya geti, pua ikitazama barabara, ukaamka ukaenda zako. Kuingiza mizigo na mapipa ya maji ndani ya boma ilikuwa kazi yangu, kabla hujaweka funguo mfukoni.

Basi akaliinua kwa jeki, akachuchumaa kando ya tairi na mita yake ya kupimia umeme, akaniambia nikae ndani nizungushe usukani polepole. Katikati, sawa. Kushoto, sawa. Kulia mpaka mwisho, taa hiyo. Nikarudisha, nikakata tena, akasema nisimamishe hapo hapo.

Nikashuka nikaangalia mwenyewe. Unakumbuka ulivyoliinua gari kwa springi ndefu ili likae juu kama magari ya wakubwa? Waya wa ile sensa haukurefushwa. Ukikata kulia kabisa unavutika, na ndani ya mpira wake nyuzi zimekatika. Gari likinyooka zinagusana, linatulia. Likikata, zinaachana. Ni hivyo tu. Mkono wangu haukuwa mzito.

Kumbe bado. Waya ule ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi, ya zamani, imeshika vumbi. Mutiso aliitazama ile tepu, akainuka, akaenda kunawa mikono na hali kazi haijaisha. Nikamfuata hadi bombani. Nikamwambia, "Mutiso, sema."

Akasema, "Mama, hii tepu ni yangu. Magari ni mengi, nilikuwa nimesahau. Mzee alilileta gari, nikamwonyesha huu waya. Nikamwambia alete mwingine, ni kazi ya asubuhi moja. Akasema niufunge tu kwa tepu, niuache hivyo. Nilidhani mlikuwa mmeongea."

Nikamuuliza ilikuwa lini. Akafikiria, akasema ilikuwa kabla ya mvua ile iliyobomoa ukuta wa jirani yake. Baba Ndinda, mama yangu tulimzika baada ya mvua ile. Tulikanyaga matope kwenye kaburi lake.

Nikamuuliza jambo la mwisho: na taa ikiwa imewaka, gari lingefika Katangi? Hakunitazama. Alisema, "Breki zenyewe ziko sawa, mama. Hiyo taa ni ya ile mashine inayozuia tairi kujifunga ukifunga breki ghafla kwa utelezi. Ukienda pole pole ingefika hata Mombasa."

Kwa hiyo ulijua. Ulikaa kwenye kiti, tumbo limejaa, ukanitazama nimepiga magoti, na ulijua. Sijui ulikuwa unalinda nini. Gari? Kiti? Au ulipenda tu kuona ninaomba? Nimekutafutia sababu usiku na mchana wa ndoa hii, nimechoka, hii jitafutie mwenyewe huko.

Mutiso ameweka waya mpya, mrefu, akaushikilia vizuri na vibanio vyake. Nimekata kulia pale kwenye mawe mpaka tairi zikalia. Haiwaki.

Leo asubuhi nimempigia Mueni. Nilimwambia yote, na sikukutetea. Halafu akasema, "Njoo." Jumamosi naenda na gari hili, Ndinda akiwa amekaa mbele.

Ndugu zako wameshanionyesha pahali pangu, hapo kando yako, na wakaweka mawe kuashiria. Wanasema mke hulala kwa mumewe, ndivyo ilivyo kwetu tangu zamani. Mawe hayo nimeyaondoa. Nimemfundisha Ndinda pedali na gia, miguu yake inafika sasa, na nimemwapisha. Nikifa, asiombe funguo kwa mtu yeyote. Anipakie nyuma, anipeleke Katangi, anilaze kwa mama.

Wewe lala peke yako.

Mimi niliyekuwa mkeo,
Mwikali