Msamaha wa Kabla ya Kufunga

Mpendae, 9 Januari 2025

Mwanangu Salhiya,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako na joto la Dar? Mie mzima, alhamdulillahi, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Barua hii anakuletea Jaku wa boti. Usinambie nipige simu. Simu inakula maneno, na maneno yangu marefu.

Watu wananiuliza, mtoto wa marehemu dada yako anafanya kazi gani huko? Nawaambia yupo Idara ya Mikakati, kampuni yenye hoteli tatu, hii yetu ya Mji Mkongwe na za Kendwa na Bwejuu. Wanauliza, mikakati ndiyo nini? Nawajibu, anapanga mambo. Mambo gani? Hapo nakohoa. Miaka mitano sasa nakohoa, mwanangu.

Huku kwenye dobi ya hoteli kaja kijana na saa mkononi. Anatupima tunakunja shuka kwa dakika ngapi. Bi Amne akamwambia, "Kaa unywe chai kwanza, shuka hazikimbii." Akanywa, akaandika. Wewe uliye makao makuu unajua lolote? Mie nshapiga pasi hapa miaka kumi na saba, sijapata kupimwa.

Njoo hata siku mbili. Kitanda chako nimekitandika. Na ukija usiniletee adabu za kusimama mlangoni. Mtu hapigi hodi kwao, sukuma uingie.

Mama mdogo wako,
Mwatima


Dar es Salaam, 26 Januari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumai goti limepoa. Mie sijambo, nakula, nalala. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya hali yangu.

Ukiulizwa tena, sema hivi. Kazi yetu ni kuwaambia wakubwa wafungue nini, wafunge nini, wauze nini. Tulianza wanne. Siku ya kwanza bosi alituambia kwamba hakuna anayezeeka kwenye mikakati, huo ni ukumbi tu, mtu hupita akaenda chumbani. Kweli wamepita. Fayaz yupo benki. Naznin alichoka na majedwali, sasa anaoka keki Kikwajuni, na nasikia siku hizi anacheka. Abizer karudi kusoma. Nimebaki mie.

Chumba changu nshaoneshwa. Ni umeneja wa hoteli yenu, kuanzia Juni, mpango wa mwaka huu ukienda vizuri. Ofisi nzima ilinipigia makofi, nikatabasamu kwa sababu watu hutabasamu. Sikusikia kitu, Mama mdogo. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unauona ni wako na huuhisi.

Yule wa saa usimjali, ni kawaida.

Mwanao,
Salhiya


Mpendae, 4 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi, na goti leo silitaji. Nimepiga kigelegele mpaka jirani kaja na ndoo ya maji, kadhani naungua! Bosi wangu nilomwogesha mwenyewe! Dobi wote washajua. Bi Amne anasema utatununulia pasi mpya, hizi zinauma mikono. Mie nimemwambia aombe kwa adabu, meneja ni mwanangu.

Hiyo ganzi ni njaa. Kula samaki.

Mama mdogo wako,
Mwatima


Dar es Salaam, 26 Februari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Mzima? Ramadhani imekaribia. Nakuomba unisamehe yote niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua, na unipe radhi zako kabla sijashika kazi mpya.

Najua ni maneno ambayo wiki hii kila mtu anamtumia kila mtu. Basi na mie nakutumia.

Mwanao,
Salhiya


Mpendae, 28 Februari 2025

Mwanangu,

Na mie mzima. Nshakusamehe, duniani na akhera, bila ya kuuliza. Ndivyo tufanyavyo. Ukianza kuuliza "la nini?" mwezi utaandama hujamaliza hata mtaa mmoja. Na radhi zangu unazo zote, nenda kifua mbele.

Nisamehe na wewe. Kuna siku nilikupiga kwa sababu ya kikombe kuvunjika, kumbe alikivunja paka.

Mama mdogo wako,
Mwatima


Mpendae, 10 Aprili 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hujambo? Idi ilikuwa njema, nilikutazamia.

Jumatatu, tuliporudi kazini, tulikuta dobi imefungwa kufuli. Tukaitwa bustanini, wanawake kumi na wanne, kila mmoja na bahasha yake. Shuka sasa zitafuliwa nje, na kampuni nyengine. Bi Amne alilia mpaka ushungi ukarowa. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tukamcheka, tukamwambia nguo zote za hoteli hii tumezichemsha wenyewe, kitatoka wapi?

Nilipofika nyumbani nilipiga pasi mapazia yangu. Mikono haikujua ifanye nini.

Huyo aliyepanga haya hajapata kushika pasi maishani mwake. Lakini Juni si mbali. Wewe ukishakaa kitini utaturudisha, au sivyo? Nishawaambia wenzangu wavute subira.

Mama mdogo wako,
Mwatima


Dar es Salaam, 19 Aprili 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Sitakuuliza hali.

Nilipanga mie. Kijana wa saa nilimtuma mie. Ukurasa wa kumi na tisa wa ule mpango wa mwaka niliandika dobi ifungwe, watu kumi na wanne wapunguzwe. Majina sikuyaandika. Ningeyaandika nisingeumaliza ukurasa. Nilipokuomba msamaha nilikuwa nshautia saini mpango siku kumi nyuma. Nilikuomba kwa jumla kwa sababu kwa jina lake nisingethubutu.

Ulisema aliyepanga hajashika pasi. Kaishika. Likizo za skuli nilisimama ubavuni mwako, ukanifundisha kuanza na pindo.

Siwezi kuwarudisha. Mkataba na hao wa nje ni wa miaka mitano, na huo pia nimeuandika mie. Nangojea niumie, siumii. Nakaa, nafungua kompyuta, nafunga.

Benki ya Fayaz wananitaka. Nikienda huko, Unguja nitakuja kwa arusi na maziko. Au nishike umeneja, nipite kila siku mbele ya lile kufuli. Sema neno moja, nije au nisije.

Mwanao,
Salhiya


Dar es Salaam, 17 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Jaku anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma mbele yake, ukamkaribisha chai. Jibu hukumpa.

Wanataka kauli yangu kabla ya mwezi kwisha.

Mwanao,
Salhiya


Mpendae, 29 Mei 2025

Salhiya,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Sikulia mie pia. Nilifua kila kitu kilichomo ndani, hata kilichokuwa safi.

Msamaha nshautoa. Neno nililolitoa mbele ya Ramadhani silirudishi nyuma ya Idi. Na radhi vilevile, zimo, nenda nazo benki au hoteli. Lakini ungenitajia kitu chenyewe, ningekusamehe nikijua nasamehe nini. Hilo ndilo ulilonichukulia. Kazi ni kazi, zinakuja na kwenda.

Bi Amne sijamwambia. Huyo utamwambia mwenyewe, na kwake usiseme kwa jumla.

Sasa napiga pasi nyumbani, kanzu za Ijumaa. Damyanti wa duka la vitambaa Hurumzi naye ananiletea za kwake. Hapana anayenipima.

Unaniuliza uje au usije. Hayo ni mambo ya kupanga, na mie sikusomea. Nyumba ipo palepale, na kitanda sijakitandua.

Ukija, piga hodi.

Mwatima