Nilimpa Mama Mkwe Kikopo Mbele ya Wageni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nyumbani hakukaliki na kazini hakuendeki, mimi ni muuguzi, nakusanya damu na mkojo wa wagonjwa kwa ajili ya utafiti wa figo, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka mama mkwe wangu alipolazwa wodini kwangu, miguu imemvimba kwa ugonjwa wa figo, nami kwa haraka zangu nikamfuata saa ya kuona wagonjwa, mashemeji na majirani wamemzunguka, nikamkabidhi kikopo nikasema, "Mama, naomba mkojo kidogo wa utafiti," weee, akakisukuma kikaanguka, akasema, "Mkojo wangu uuchunguze wewe? Kesho utataka nini tena?" na tangu hapo akina mama wodi nzima wamegoma, nikipita na trei wanajifunika shuka, mume wangu amenuna, daktari wa utafiti anasema sampuli zisipopatikana utafiti utahamishwa, mwenzangu ananishauri nimdanganye mama kwamba ni kipimo cha matibabu, na kubwa zaidi, mama sasa anakataa hata vipimo vyake vya matibabu, anadhani vyote vinaishia kwangu, anasema wiki ikiisha anarudi nyumbani, na figo zile haziwezi kungoja. Kazi hii siiachi, na mama simwachi aondoke. Nifanyeje?

Mkwe Niliyekwama

Mwanangu, pole. Sasa nikuseme. Hivi ulipoolewa hukuwa na mtu wa kukufunda? Mama mzima, mkweo, unamwomba mkojo mbele ya watu, tena umemsimamia kichwani! Ningekuwa mimi, hicho kikopo kingepitia dirishani. Na hao wengine hawaogopi utafiti hata chembe, wanaogopa kuaibishwa kama alivyoaibishwa mwenzao.

Mwenzako anayekufundisha uongo, mkimbie. Siku utakapojulikana, hakuna mgonjwa atakayekunyooshea mkono tena, na watakuwa na haki.

Leo hii, wageni wakishaondoka, nenda ukae chini karibu na mama, umwombe radhi, na usijitetee. Mwambie utafiti ni hiari, akikataa dawa zake hazipungui hata tone. Vipimo vyake avichukue muuguzi mtu mzima asiye ndugu, na majibu apewe na daktari wake, wewe usiyaguse wala usiyaulize.

Kisha mbane huyo daktari wa utafiti akupe chumba chenye mlango. Ongea na mgonjwa mmoja mmoja, umweleze sampuli inakwenda wapi na inatafutiwa nini, kikopo kikae kwenye mfuko usioonyesha. Anayekataa, mshukuru upite. Daktari akilia kwamba muda umekwisha, mwambie mlango ungefungwa mapema tusingefika huku.

Mumeo mwache anune, atachoka. Mama akikubali matibabu na akakataa utafiti, hesabu umeshinda. Sampuli utazipata kwa wengine, lakini mumeo ana mama mmoja tu.