Ganzi Si Nafuu

4 Juni

Mume wangu, mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nasikia mgongo umekushika tangu uanze kupanga vigae vya yule mama. Usijilaze kutwa. Tembea taratibu, ndoo za saruji mwachie mwenzako. Mgongo wa kazi huja ukaondoka. Lakini niambie kila kitu, hata cha aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nakuosha.

Anayeniandikia ni jirani mshonaji. Namtaka anisomee mara mbili, maana hupenda kulainisha maneno yangu.

Bibi yako, mke mkubwa

15 Juni

Shikamoo Bibi,

Magoti yanaendeleaje? Furahi nami! Maumivu yaliyokuwa yakinichoma hadi mguuni yameisha, imebaki ganzi tu. Leo ndala imenivuka nikaendelea peku bila habari, mafundi wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata nikikaa kwenye ubao naona kama nimekalia godoro. Mkojo nao umekuwa mvivu, labda sinywi maji. Yule mama mwenye nyumba anahamia Jumamosi. Nikimaliza sakafu nitapumzika.

Mjukuu wako

15 Juni

We mpumbavu wangu mpendwa,

Salamu nitakupa kesho. Nimekupigia hupokei, ndiyo maana nakujibu hapa hapa kwenye simu. Nani kakwambia ganzi ni nafuu? Mtoto akinyamaza ghafla jikoni, mama hakai akashukuru, anakwenda kuangalia. Mkojo hautoki, matako hayana habari, nawe unacheka? Jirani aliandika "makalio", nimemfutisha.

Nimemuuliza nesi wa zahanati. Kasema mgongo ukileta hayo, hata kama hauumi, si wa kungoja kesho. Ni hospitali kubwa, sasa hivi. Wakikuweka foleni, sema kwa sauti: "Sikojoi, na huku chini nimekufa ganzi!" Aibu ni ya leo, miguu ni ya maisha. Weka chini huo mwiko.

Bibi yako, bado amesimama

21 Juni

Shikamoo mke wangu mkubwa,

Samahani kwa kimya, nilikuwa nimelala kifudifudi. Nilisema kwa sauti, Bibi. Foleni nzima iligeuka, wakanipisha. Walinipiga picha, wakanipasua siku ile ile: kitu cha katikati ya pingili za mgongo kilikuwa kimechomoza, kikabana mishipa ya fahamu. Daktari kasema ningemaliza ile sakafu, huenda nisingekojoa mwenyewe tena.

Jana wametoa mpira wa mkojo. Tukasubiri, mimi na wodi nzima. Ukatoka! Wakapiga makofi. Ganzi inaondoka polepole, natembea kwa kushika ukuta.

Mumeo

21 Juni

Mume wangu,

Afya yangu usiniulize, leo mimi ni msichana. Jirani aliposoma pale pa makofi nilipiga kigelegele, mtaa mzima ukaja kuuliza nani kaolewa. Nikawaambia: mjukuu wangu kakojoa! Wengine waliguna. Wenye akili walipiga vigelegele na wao.

Kesho nakuja. Usiniandalie kiti. Wewe utashika ukuta wa huku, mimi wa kule, tuone nani atafika mlangoni kwanza. Na sitakuonea huruma.

Bibi yako