Diski ya Komanda

Bujumbura, 4 Januari

Papa wangu,

Jambo sana. Kifua kimetulia? Huku tuko wazima, wajukuu wako wanakula kama jeshi. Tangu mji wenu wa Uvira uchukuliwe na wenye bunduki simu yako haipiti, ndiyo maana naandika. Barua anakuletea Aline, yule muuza ndakala. Pirogi yake wanaiachia ivuke ziwa kwa kuwa nao wanapenda samaki.

Papa, rudi naye. Watu wanasema wameingia Kalundu, ndani ya kile kiwanda chenu cha diski. Wanatafuta nini mule?

Binti yako,
Noella

Songo, Uvira, 9 Januari

Binti yangu Noella,

Nakusalimu. Kifua kipo, kinakohoa kwa adabu. Barua yako ilinuka ndakala mpaka paka wa jirani akataka kuisoma kwanza.

Umeuliza wanatafuta nini. Wananitafuta minye.

Weye ulizaliwa kiwanda kikiwa mahututi, kwa hiyo acha nikueleze. Kilifunguliwa na Mgiriki mmoja mwaka wa sabini na mbili, ili kwaya za bonde la Ruzizi zisihangaike kwenda Kinshasa. Minye nilikaa kwenye mashine ya kubana. Unaweka donge la plastiki ya moto katikati ya sahani mbili za chuma zilizochorwa mistari ya wimbo, etiketi juu, etiketi chini, zile karatasi za jina. Unabana, unaleta mvuke, kisha maji baridi, diski inatoka. Plastiki ikikosekana tulisaga diski za zamani. Wimbo wa walevi ulizaliwa upya kuwa wimbo wa kanisa, na mchungaji hatukumwambia.

Halafu kaseti zikaja, Mgiriki akaenda zake. Kila vita ilipopita watu waliiba mabati, milango, hata choo. Mashine ilibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kuinyanyua.

Sasa komanda wao ameiona. Alituma askari wawili hapa: "Weye ndiye Mzee wa diski?" Nilitaka kukana, lakini jirani Sévère alishanijibia, wakanipeleka kwa komanda. Komanda ana wimbo wa vijana wake kwenye simu. Anautaka kwenye diski, picha yake katikati, kama wakubwa wa zamani. Nikamwambia, komanda, kuutoa wimbo kwenye simu na kuuchora kwenye chuma kunahitaji mashine nyingine, nayo Mgiriki alienda nayo.

Akatabasamu. "Mzee, fundi wa jenereta naye aliniambia haiwezekani. Nenda umuulize."

"Yuko wapi?"

"Iko mu ziwa."

Papa yako,
Venant

Bujumbura, 12 Januari

Papa,

Sijui nikuulize hali gani. Neno la mwisho la yule komanda nimelisoma mara tatu. Usibishane naye, nakuomba. Na usimfanyie mzaha, nakujua. Mwambie ndiyo, halafu siku Aline anaporudi huku, panda.

Noella wako

Songo, 20 Januari

Mwanangu,

Habari ya masiku? Minye bado niko juu ya ardhi, na hapa hiyo ni habari njema.

Kupanda siwezi. Wale askari wawili wamehamia barazani. Nikienda msalani mmoja ananisindikiza kama bibi harusi.

Basi nilisema ndiyo. Chini ya mashine zilikuwa zimebaki sahani mbili za chuma, kazi ya zamani: wamama wa kwaya ya Luberizi, wimbo wa kuzikia. Askari walikusanya diski za zamani za mtaa mzima wa Rugenge, tukasaga, tukawasha makaa chini ya tangi la mvuke. Mikono iliikumbuka kazi. Nimetoa diski kumi. Juu ni uso wa komanda. Ndani ni wamama wanalia.

Alizigeuzageuza juani, akanipiga bega. "Unaona, Mzee? Iliwezekana."

Uvira nzima hakuna turnediski, ile mashine ya kupigia diski kwa sindano, hata moja inayozunguka. Nimeuliza kimya kimya kila mtaa. Kuitazama diski atatazama mpaka achoke, ila kuisikia hawezi. Hayo ndiyo maisha yangu sasa, Noella: nahema kwa sababu mji umekosa sindano.

Papa yako

Bujumbura, 23 Januari

Papa, toka!

Leo amekuja dukani kwangu mwanaume mpole, viatu vinang'aa. Anatafuta turnediski, eti ya sherehe ya Jumapili huko Uvira. Nikasema yangu imekufa. "Si kitu, dada Noella," akasema. "Nimeshapata moja nzuri Buyenzi. Ya kwako nilitaka iwe ya akiba."

Jina langu sikumtajia.

Aline atakungoja Jumamosi kwenye mawe ya Kalundu. Acha nyumba, acha nguo, acha dawa hata za kifua.

Noella

Kalundu, 28 Januari

Noella mama yangu,

Salamu kwenu wote. Barua yako ilinifikia kwa Aline aliyewaletea walinzi ndakala, lakini Ijumaa walikuwa wameshanihamishia kiwandani na kunifungia.

Jumapili walitukusanya uwanja wa mpira. Turnediski ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe. Komanda mwenyewe aliweka sindano. Wamama wa Luberizi wakaanza kulia kwenye spika, mji mzima ukisikia. Generose, aliyeimba sauti ya kwanza siku ile tuliporekodi, alisimama mstari wa mbele. Alifumba macho. Minye nilitazama viatu vyangu, nikawaza jinsi maji ya ziwa yalivyo baridi mwezi huu.

Wimbo ukaisha. Komanda akashika mikrofoni. "Mumesikia vijana wangu?"

Halafu Generose akapiga makofi. Wa pili akapiga, wa tatu, uwanja mzima. Na minye nilipiga.

Baadaye alinivuta kando, akaongea karibu na sikio langu. "Mzee, wimbo ule ndio tulimzika nao mama yangu." Akaninyooshea kola ya shati. "Toa mia tatu. Kila nyumba ipate moja, nione nani atasema si vijana wangu."

Kisha akaniuliza hali ya Noella. Akauliza wajukuu, akamtaja hata yule mdogo. Akaniambia itapendeza nikiwaandikia mje kuniona.

Hameni nyumba hiyo leo, msingoje kesho. Dukani usirudi. Barua hii usiijibu, na Aline nimemwambia hii ni ya mwisho. Ikikufikia nyingine yenye mwandiko wangu, inakuita Uvira, ujue mkono ni wangu lakini maneno si yangu. Ichome, usije.

Papa yako,
Venant