Gari la Gitobu la Siti Mbili

Nelius uko? Niko huku kwetu Ishiara nalia.

Unakumbuka vile bwanangu Gitobu alichagua hiyo sports car ya siti mbili? Ati haili mafuta, spea ni rahisi, na inampa raha. Leo akabeba mama yangu kanisani, mimi nikawafuata na boda.

Mama akashindwa kutoka! Gari iko chini sana. Gitobu akamkumbatia ndio amtoe. MKWE WAKE, Nelius! Kwetu ni mwiko kumgusa, hawajawahi hata kusalimiana kwa mkono. Akamkumbatia kanisa lote likiona!

Mama akaniambia tu, "Kawira, nifunike uso na leso."

Sasa amejifungia chumbani. Gitobu amewasha gari arudi Meru, ameapa hatakanyaga hapa tena. Ile siti ingine bado ina Biblia ya mama.

Niingie kwa gari ama nibaki na mama?